Mafuta yakimwagika, faini humfikia nani?

"Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia ufukwe na uvuvi, katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanga, si mbali na Chongoleani, pale mafuta ya bomba la kutoka Uganda yanapokusudiwa kupakiwa melini. Kwenye mkutano wetu uliopita mzee mmoja alisimama akasema tusihangaike: wakimwaga, watatozwa faini kubwa kama ile ya kampuni ya BP kule Marekani, na fedha hizo zitairudisha pwani kama ilivyokuwa. Kijana mmoja akambishia, akasema faini ni ya serikali, sisi tutabaki na matope meusi. Mkutano ukavunjika bila kuafikiana. Nani kati yao yuko sahihi? Na kama kuna la kufanya sasa, kabla hata tone moja halijamwagika, ni lipi?"

Ndugu katibu, mfikishie mzee shikamoo yangu. Na kijana mwambie asikate tamaa, maana hoja yake ndiyo itakayowasaidia zaidi. Ninavyolielewa swali lako, mnachotaka kujua ni kama kuna njia ya kuaminika inayoitoa fedha mfukoni mwa mchafuzi na kuifikisha kwenye mikoko na madema yenu. Kijana ameeleza kawaida ya mambo. Mzee ameshika mfano mmoja ambao kawaida hiyo ilivunjwa kwa makusudi, na kwa sheria maalumu. Kisa hicho kinafaa kujulikana vizuri, kwa sababu jibu la kijiji chenu limo humo.

Tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa Deepwater Horizon uliokuwa ukiichimbia BP kisima kiitwacho Macondo katika Ghuba ya Meksiko ulilipuka. Wafanyakazi 11 walifariki. Kisima kilichokuwa chini ya bahari kilitapika mafuta kwa siku 87, na baadaye mahakama ikaamua kwamba mapipa milioni 3.19 yaliingia baharini. Idadi ya mapipa ina maana yake, kwa sababu sheria ya Marekani ya maji safi hutoza faini kwa kila pipa. Wakati ule kiwango cha juu kilikuwa dola 1,100 kwa pipa, na kama mchafuzi alifanya uzembe mkubwa, dola 4,300. Mwaka 2014 jaji akaamua kwamba BP ilifanya uzembe mkubwa. Zidisha mwenyewe: faini ingeweza kukaribia dola bilioni 14. Ndiyo maana kampuni ilipigania mahakamani kila pipa lililohesabiwa. Mwaka 2016 pande zote zikamaliza kwa makubaliano: faini ya dola bilioni 5.5, ilipwe kwa miaka 15.

Sasa, fedha hiyo ilikuwa iende wapi? Kwa utaratibu uliokuwepo, faini za namna hiyo ziliingia kwenye mfuko wa taifa wa kukabili umwagikaji wa mafuta. Ni mfuko mzuri, hulipia usafishaji wa ajali zijazo popote nchini. Lakini mvuvi wa kamba wa Louisiana aliyepoteza msimu mzima asingeona senti ya faini hiyo ikirudi kwenye kinamasi chake. Kule nako kulikuwa na vijana waliosema kama kijana wenu.

Kilichobadilisha mambo ni siasa za kawaida kabisa: ripoti, vikao, na wabunge waliobanwa na watu wao. Mwaka huohuo wa 2010 ripoti iliyoandaliwa kwa rais ilipendekeza sehemu kubwa ya faini irudi Ghuba. Januari 2011 tume ya taifa iliyochunguza ajali ikataja kiwango, asilimia 80. Maseneta wa vyama vyote viwili, Mary Landrieu wa Louisiana na Richard Shelby wa Alabama, wakaongoza muswada, na Julai 2012 ukawa sheria, inayojulikana kama RESTORE Act. Tazama mpangilio wa miaka: sheria ilipita 2012, BP ilikubali kiasi cha faini 2016. Mfereji ulichimbwa kabla maji hayajaja. Fedha ikishaingia kwenye mfuko mkuu, kuitoa huko ni kazi ya kufa mtu.

Asilimia 80 hiyo, pamoja na faini za kampuni nyingine mbili zilizohusika, ilifika takriban dola bilioni 5.3. Sheria ikaigawa: asilimia 35 kwa majimbo matano ya pwani kwa usawa, 30 kwa mipango inayochaguliwa na baraza la pamoja la majimbo na serikali kuu, 30 nyingine kwa majimbo kulingana na madhara yaliyopatikana, na 5 iliyobaki kwa utafiti na ufuatiliaji wa bahari. Hii asilimia tano watu huipita haraka. Mimi naiona ya maana sana, kwa sababu bila vipimo hakuna anayejua kama urejeshaji umefanikiwa.

Hapa lazima nisahihishe jambo ambalo mzee, na waandishi wengi wa habari pia, hulichanganya. Faini ni adhabu. Fidia ya mazingira ni kitu kingine, na fidia ya watu ni kitu cha tatu. Kila moja ina mlango wake. Katika kisa cha BP, mfuko mkubwa zaidi wa kurejesha pwani haukutokana na faini kabisa. Ulitokana na sheria ya 1990 iliyotungwa baada ya meli Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989. Sheria hiyo huwapa wadhamini wa maliasili, yaani mamlaka za serikali zinazozisimamia kwa niaba ya umma, haki ya kupima madhara na kumdai mchafuzi gharama za kuyarekebisha. Mlango huo ulileta hadi dola bilioni 8.8. Kesi ya jinai nayo ilileta takriban bilioni 2.5 kwenye mfuko wa hifadhi ya wanyamapori na mazingira, nusu yake ikiwa ya visiwa kinga na mto wa Louisiana. Wavuvi, wenye hoteli na wachuuzi walilipwa kupitia madai yao wenyewe, na fedha hiyo haikutolewa kwenye faini. Kwa hiyo mtu akikuambia "watatulipa", muulize anamaanisha mlango upi.

Je, fedha ilifanya kazi? Kuna mahali pamoja ninapopenda kupataja, kisiwa kidogo cha Louisiana kiitwacho Queen Bess. Ni kituo cha mwari, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo. Mwaka 2010 mafuta yalikipaka kisiwa hicho, na picha za mwari waliolowa lami, mabawa yamegandamana, macho peke yake yakionekana meupe, zilizunguka dunia nzima. Lakini kisiwa kilikuwa kinakufa hata kabla ya mafuta: kilikuwa kinazama, na eneo la kutagia lilibaki kama ekari 5. Fedha za fidia ya mazingira zikalipia mchanga wa kukijaza hadi ekari 37, kikazungushiwa mawe, vikapandwa vichaka vya kujengea viota. Kazi iliisha mwanzoni mwa 2020, na mwari walianza kutaga msimu uleule.

Kisa hicho kinaonyesha kwamba mara nyingi mafuta hukuta pwani ni mgonjwa tayari. Louisiana ilipoteza karibu kilomita za mraba 4,800 za ardhi kati ya 1932 na 2016, kama Unguja tatu hivi. Kuta za kuzuia mafuriko ziliufungia mto Mississippi usimwage tope lake kwenye delta, na mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya visima na mabomba ikaruhusu maji ya chumvi kuingia na kuua nyasi zilizoshikilia udongo. Hivyo fedha ya BP ilitumika zaidi kutibu ugonjwa wa miaka themanini kuliko jeraha la siku 87. Wapo waliolalamika. Mimi nadhani ilikuwa sawa. Ukisafisha mafuta ukaacha ardhi iendelee kuzama, hujarejesha kitu.

Lakini fedha nyingi huleta ugomvi mwingi. Mradi mkubwa kuliko yote ulikuwa wa kutoboa ukingo wa Mississippi na kuuachia mto umwage tena tope lake kwenye bonde la Barataria. Ujenzi ulizinduliwa Agosti 2023, gharama ikiwa takriban dola bilioni 3. Wafugaji wa chaza na wavuvi wa kamba wakapinga, kwa sababu maji ya mto yasiyo na chumvi yangeharibu maji wanayoyategemea, na pomboo wangeumia. Julai 2025 jimbo likaufuta, zikiwa zimeshatumika zaidi ya dola milioni 500. Wanasayansi wengi walisikitika, nami nilisikitika. Hata hivyo siwezi kuwaita wale wavuvi wakaidi. Waliambiwa ardhi itakua kwa miaka hamsini, na ada ya shule ya watoto wao inalipwa mwezi huu.

Kule Alabama kulitokea jingine. Dola milioni 58.5 za urejeshaji wa mapema zilielekezwa kwenye hoteli na ukumbi wa mikutano ndani ya hifadhi ya ufukweni. Hoja ilikuwa kwamba watu walipoteza burudani ya pwani wakati wa mafuta, kwa hiyo warudishiwe burudani. Wanamazingira walikwenda mahakamani, na mwaka 2016 jaji akasema wadhamini hawakupima njia mbadala ipasavyo. Hoteli ilijengwa hata hivyo, ikafunguliwa 2018. Hapo hakuna aliyeiba. Lugha ya sheria iliruhusu tafsiri pana, na hata RESTORE yenyewe inaruhusu bandari, miundombinu na kutangaza utalii. Neno "urejeshaji" lisipofungwa vizuri kwenye sheria, litakuja kuvaa koti la kila mtu.

Na ile "kama ilivyokuwa" ya mzee wetu? Hapo lazima niseme wazi ingawa inauma. Kwa Exxon Valdez kampuni ilikubali mwaka 1991 kulipa dola milioni 900 za madai ya kiraia, na sehemu yake ilitumika kununua na kulinda misitu na mito ya samaki. Ni kazi ya heshima. Lakini samaki aina ya heringi wa eneo lile walianguka mwaka 1993, na uvuvi wao haujarudi ulivyokuwa. Wanasayansi bado wanabishana mafuta yalichangia kiasi gani, na ubishi huo wenyewe ni hasara, maana bila uhakika wa chanzo hakuna wa kumdai.

Turudi Tanga. Jambo la kwanza ni kujua mafuta yametoka wapi, kwa sababu mlango wa fidia hutegemea hilo. Yakimwagika kutoka kwenye meli ya mafuta, Tanzania na Kenya ni wanachama wa mikataba ya kimataifa ya 1992. Mwenye meli hulipa kupitia bima yake bila kuhitaji kuthibitishwa uzembe, na akizidiwa, mfuko wa kimataifa wenye makao London huongezea hadi ukomo wa milioni 203 za SDR, kile kipimo cha fedha cha IMF. Mfuko huo hautozi faini. Hulipa hasara inayothibitika na gharama za hatua za busara za kurejesha mazingira, zilizofanywa au zitakazofanywa kweli. Hesabu za nadharia za aina ya "kila mti una thamani ya shilingi kadhaa" huzikataa. Na madai yanatakiwa yapelekwe mahakamani, au mfuko ujulishwe rasmi kuhusu kesi, ndani ya miaka 3 tangu madhara yatokee. Shika sana hiyo miaka mitatu.

Yakitoka kwenye meli isiyo ya mafuta, yaani mafuta ya injini yake, mfuko ule hauhusiki. Waulize Wamauritius. Julai 2020 meli ya mizigo Wakashio ilipanda mwamba, ikamwaga takriban tani 1,000 kwenye maji ya matumbawe na mikoko, na kwa kuwa haikuwa meli ya mafuta, mlango wa London ulikuwa umefungwa. Yalibaki madai kwa mwenye meli na bima yake, ambayo nayo yana ukomo, na ukomo wenyewe ukawa na ubishi.

Yakitoka kwenye bomba au tanki la nchi kavu, mikataba ya meli haiwasaidii kabisa. Hili ndilo linaloihusu Chongoleani zaidi, na ndilo nisilolisikia likizungumzwa. Mombasa wanalijua: mwaka 1988 takriban tani 5,000 za mafuta ghafi zilivuja kutoka nchi kavu zikaingia hori la Makupa, na mikoko ikafa. Ukitaka kuelewa ilikufaje, nenda kwenye mchu, aina mojawapo ya mikoko, maji yakitoka uitazame mizizi inayosimama wima matopeni kama misumari. Hiyo ndiyo pua ya mti. Ina vitundu vidogo vya kuvutia hewa, na mafuta mazito yakivipaka, mti hukosa pumzi, majani yakageuka njano na kupukutika. Tope lenyewe halina hewa ndani, kwa hiyo mafuta yaliyozama humo hukaa miaka mingi bila kuoza. Niongeze kwamba mafuta ya Hoima kule Uganda, yale ya bomba, yana nta nyingi, ndiyo maana bomba hupashwa moto. Yakipoa huganda. Usitarajie utando mwepesi, huenda ikawa mabonge.

Kwa ajali ya namna hiyo mnategemea sheria za nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ina kanuni ya mchafuzi kulipa, ina amri za kumlazimisha arejeshe eneo, na ilianzisha mfuko wa dhamana wa mazingira wa taifa. Lakini faini yenyewe, kwa ibara ya 135 ya Katiba, mapato ya serikali huingia Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa sheria iwe imeelekeza vingine. Hapo ndipo kijana wenu yuko sahihi. Na humohumo katika "isipokuwa" ndimo mlimo mlango wa mzee. Wakenya, kwa mfano, kwenye sheria yao ya mazingira ya 1999 waliweka mfuko wa urejeshaji uliotajwa wazi. Kinachotakiwa ni kifungu kinachosema faini ya uchafuzi wa pwani, au asilimia fulani yake, iende kwenye urejeshaji wa pwani ileile, na kinachotaja nani anakaa kwenye meza ya kuamua. Mpelekeeni mbunge wenu hoja hiyo sasa, wakati hakuna wa kumtetea wala wa kumlaumu. Kati ya kungoja faini kubwa na kuwa na amri thabiti ya kurejesha, mimi ningechagua amri, kwa sababu inamfunga mchafuzi afanye kazi mpaka iishe. Faini inaongezea, na inawauma wengine wajifunze.

Wakati hoja hiyo ikisubiri, kuna kazi isiyohitaji kibali cha mtu. Louisiana walishinda kwa vipimo. Ninyi anzeni daftari. Kila bamvua pigeni picha za mikoko kutoka mahali palepale, kwenye mti ule ule au jiwe lile lile, tarehe ikionekana. Andikeni kila chombo kilileta kilo ngapi, samaki gani, kwa bei gani. Wanawake wanaookota chaza na kuchokoa pweza waandikwe pia, kwa majina yao. Nimeona madai ya wanawake yakiangushwa kwa sababu tu hakuna risiti wala leseni iliyokuwa na jina lao, na anayekagua madai hana namna ya kulipa kumbukumbu ya mdomo. Daftari moja libaki kijijini, nakala ikae kwenye ofisi ya uvuvi ya halmashauri.

Na fedha zikija siku moja, msikimbilie kupanda. Niliwahi kutembea kwenye eneo ambapo mradi mmoja ulipanda miche ya mkoko kwenye tope la wazi linalofunikwa na maji karibu siku nzima, mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko, kama ni pa mti wowote. Picha za uzinduzi zilikuwa nzuri sana. Baada ya misimu miwili ya kusi vilibaki vijiti vilivyogandwa na chaza. Mara nyingi kinachohitajika ni kufungua njia ya maji iliyozibwa na kuzuia ukataji, mbegu zitajileta zenyewe. Na mikoko ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo maafisa wa misitu wa TFS washirikishwe tangu mwanzo.

Kuna mambo ambayo barua hii haitoshi. Mkiona mafuta, hata utando mdogo, msiyashike kwa mikono wala msiyamwagie sabuni. Waondoeni watoto, toeni taarifa siku hiyohiyo kwa ofisi ya mazingira ya kanda, TASAC (shirika la serikali linalosimamia usafiri wa meli) na mamlaka ya bandari, na ombeni muda wa taarifa yenu uandikwe. Mtu akiletewa karatasi ya kusaini ili apewe fedha ya haraka, asisaini kabla mwanasheria hajaisoma mbele yake, kwa Kiswahili. Chama cha wanasheria wa mazingira, LEAT, kina uzoefu wa kesi za namna hii. Na kabla ya mkutano ujao, mwalikeni afisa uvuvi wa wilaya na mtu mmoja wa mradi wa bomba waje wajibu swali moja mbele ya mzee na kijana: mpango wa dharura wa tanki na gati la Chongoleani unaitaja pwani ya kijiji chenu, ndiyo au hapana, na ukurasa wa ngapi.